Kipimo cha Shangazi

Kochi kuukuu halifungui moyo wake mara moja. Ukilipindua miguu juu, ukang'oa msumari wa kwanza na kuvuta gunia la chini, kitu cha kwanza kukupokea ni vumbi. Vingine hufuata baadaye: vifungo, penseli, kitana kilichotafutwa nyumba nzima mpaka watu wakanuniana. Safari moja, katika karakana ya Shangazi, yalitoka meno ya bandia. Mwenye kochi alipoitwa aliyachukua, akayafuta kwa leso, akayavaa palepale, kisha akashukuru kwa matamshi yaliyonyooka kuliko aliyoingia nayo.

Mkasi alikulia ndani ya vumbi hilo. Jina alipewa na Seremala wa jirani, kwa kuwa alikata kitambaa bila kuchora mstari, na mstari ukatoka umenyooka. Shangazi alikuwa dada wa baba yake. Ndiye aliyemlea, ndiye aliyemfundisha kufunga springi, kunyoosha mikanda inayobeba springi na kupigilia msumari kwa nyundo ya sumaku huku misumari mingine ikingoja mdomoni. Karakana ilikuwa chumba kimoja kirefu chenye milango miwili mipana. Mlango wa mbele ulitazama barabara, wa nyuma ukatazama ua. Katikati palikuwa na meza ya kukatia, na juu yake taa iliyoning'inizwa chini sana kiasi kwamba kila mgeni aligongwa nayo mara moja, na hakugongwa tena.

Kwanza yalikuja mafua. Miaka nenda miaka rudi, kila kochi lilipobomolewa, pua ya Mkasi ilitiririka na macho yakamwasha, na wote wakachukulia kuwa hiyo ndiyo ada ya kazi, kama vibanzi kwenye vidole vya Seremala. Kisha mafua yakashuka kifuani. Akawa anapumua kwa mluzi. Hospitali wakasema ni pumu, wakampa inhela ya kuvutia dawa, akaitia mfukoni pamoja na chaki na utepe wa kupimia. Siku alipokuwa anabomoa kiti kikubwa kilichotoka kwenye ukumbi wa mikutano, alipiga magoti taratibu kama mtu anayetafuta msumari ulioanguka, akashindwa kuinuka. Seremala alimbeba mpaka nje. Baadaye alisema hajawahi kubeba mtu mwepesi hivyo, wala kuogopa hivyo.

Ndipo wakafika kwa daktari wa mzio.

Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye sauti ya chini. Alimdondoshea Mkasi matone kadhaa kwenye mkono, akayachoma kwa ncha ndogo, wakangoja. Matone mengine yalikauka yakasahaulika. Moja lilivimba duara, jekundu, kubwa kama kifungo cha koti.

"Utitiri wa vumbi," Daktari alisema. "Vidudu vidogo, macho hayavioni. Vinaishi kwenye magodoro, mito, mazulia. Na makochi."

"Na makochi," akarudia Shangazi, aliyekuwa amekaa pembeni na mkoba mapajani. "Hapo sasa umemwambia samaki kwamba maji yana sumu."

Daktari alitabasamu, lakini hakuacha kusema alilotaka kusema. Mgonjwa ajiepushe na vumbi kadiri awezavyo. Inhela ya kila siku aitumie kila siku, si siku akikumbuka. Kisha ipo njia ya tatu, ndefu, ya kuuzoesha mwili.

"Tunachukua kilekile kinachomchokoza, kikiwa kimesafishwa na kupimwa, tunamdunga chini ya ngozi. Kidogo sana. Wiki inayofuata tunaongeza kidogo. Tunakwenda hivyo mpaka mwili uchoke kugombana nacho. Baada ya hapo ni sindano moja kwa mwezi. Miaka mitatu, pengine zaidi."

"Dawa ya moto ni moto!" akasema Shangazi, uso ukamchangamka. Kwa mara ya kwanza tangu waanze kuzunguka hospitali alikuwa amesikia maneno yenye akili.

"Karibu na hapo, mama. Ila moto wetu ni wa kijiti cha kibiriti, na zimamoto wamesimama mlangoni. Kila akidungwa atakaa hapa nusu saa tumtazame."

"Atapona?"

"Siwezi kuahidi. Wengi hupata nafuu, wakawa wanahitaji dawa kidogo kuliko zamani. Wenye mafua tu, kama alivyoanza yeye, huenda ikawazuia wasishuke mpaka kwenye pumu. Wengine haiwasaidii."

"Na kwa nini kila wiki?" Shangazi aliuliza. "Kwa nini si kila siku? Sisi ngozi ya kiti tunaivuta kila siku. Ukiiacha wiki nzima inajikunja."

"Mwili si ngozi ya kiti."

Shangazi aliitikia kwa adabu, kama anavyoitikia mtu ambaye hajakubali.

Miaka mitatu. Neno hilo ndilo alilorudi nalo nyumbani. Shangazi alikuwa na presha ya macho, na dunia yake ilikuwa inafungwa kutoka pembeni kama mtu anayevuta mapazia mawili polepole. Alikwisha kusema mbele ya Seremala, ili pawe na shahidi, kwamba karakana itakuwa ya Mkasi. Lakini alikuwa na sharti, nalo lilikuwa la zamani kuliko ugonjwa: fundi asiyebomoa si fundi, ni mvisha nguo. Kochi husomwa kwa ndani. Ndani ndiko unakoona mkanda uliolegea, springi iliyolala, mahali mwenyewe anapoegemea kila jioni. Anayevisha kitambaa kipya juu ya kochi asilolibomoa huyarithi makosa ya fundi wa kwanza, kisha huyatilia sahihi yake.

Kwa hiyo mambo yalikuwa wazi kwa wote wawili. Kifua kikikubali, Mkasi atabomoa, na karakana itaendelea. Kikikataa, binamu mmoja mwenye duka la simu alikwisha kumwahidi kiti nyuma ya kioo, na Seremala atavunja ukuta apanue upande wake.

"Mimi ukuta siutaki," Seremala alikuwa akisema. "Nikiuvunja nitagombana na nani?"

*

Sindano zikaanza. Kila Jumatatu asubuhi Mkasi alipuliza kwenye kipima pumzi, Nesi akasoma, akaandika, akamdunga nyuma ya mkono. Kisha wakakaa kwenye benchi la kungojea, yeye na Shangazi, nusu saa. Mkono uliwasha kidogo ukavimba kidogo, basi.

Shangazi hakuweza kukaa juu ya kiti bila kukikagua. Siku ya kwanza aliingiza mkono chini ya benchi, akabonyeza, akasikitika. "Hii sponji walikata kutoka kwenye godoro la mtoto. Na mkanda ni mmoja tu. Wagonjwa wa hapa wakipona kifua wataondoka na kiuno."

"Shangazi, watu wanasikia."

"Wasikie. Ni viuno vyao."

Nyumbani pia mambo yalibadilika. Daktari alikuwa amewapa maelekezo: godoro liingizwe kwenye mfuko wake maalumu wenye zipu, na mto vilevile, zulia liondoke chumbani, mashuka yafuliwe kwa maji ya moto kila wiki. Shangazi akajitwika kazi ya mashuka. "Wewe usitikise kitu," alisema. "Mimi nitafua, mimi nitatandika." Kila Jumamosi alijifungia chumbani kwa Mkasi, akatandika kwa muda mrefu kuliko kawaida, na Mkasi akaguswa. Hakuwa amewahi kumwona Shangazi akihangaikia mashuka hivyo. Maishani mwake alikuwa mtu wa kuvisha viti vizuri kuliko alivyovaa mwenyewe.

Karakanani Mkasi aliwekwa mbali na ubomoaji. Alikata, akashona kwa cherehani, akapokea wateja. Kazi ya nyuma Shangazi aliifanya uani, na macho yake yalipomkatalia alitumia vidole. Na kwa wiki za mwanzo kifua kilikuwa chepesi. Mkasi alianza kupiga mluzi wa kweli, wa mdomo, akishona.

Kisha kikaanza kubana tena.

Hakikubana karakanani. Kilibana alfajiri, akiwa amelala. Aliamka na kifua kama kimefungwa mkanda, akatafuta inhela gizani, akakaa kitandani akingoja mkanda ulegee. Jumatatu alipopuliza, Nesi alitazama kipima pumzi, akamwambia apulize tena, kisha akaenda kumwita Daktari.

"Leo sikudungi," Daktari alisema. "Kifua kikiwa hivi, sindano inaweza kukuumiza. Tukitulize kwanza."

Jumatatu iliyofuata ikawa vilevile. Siku hiyo Mkasi alikuwa peke yake. Shangazi alibaki na mteja aliyekuja kugombania rangi ya kitambaa alichokichagua mwenyewe.

Daktari alivuta kiti akakaa mbele yake, magoti yao yakakaribiana.

"Nikwambie ukweli, dada. Tiba hii inataka kifua kilichotulia. Kikiendelea hivi nitalazimika kuisimamisha. Si kwa kukukomoa. Pengine mwili wako hauitaki."

"Nikiacha, naweza kurudi kubomoa makochi?"

"Hapana."

Alilisema kwa upole, lakini lilikuwa neno zima. Mkasi alitazama mikono yake. Kwenye kidole gumba palikuwa na kovu dogo la msumari wa kwanza aliopigilia, akiwa na miaka ya kupanda juu ya kigoda ili afikie meza.

"Kinabana wakati gani?" Daktari aliuliza.

"Alfajiri. Naamka nacho."

"Mchana, kazini?"

"Mchana sijambo."

Daktari aliinua uso. "Basi si karakana. Ni kitanda."

"Kitanda kimefungwa chote. Godoro lina zipu, mto una zipu. Mashuka yanafuliwa na shangazi yangu kwa maji yanayochemka, anakaribia kuyapika."

"Nenda ukakague tena. Kagua kama unakagua kochi la mteja."

*

Alifika nyumbani adhuhuri. Jua lilikuwa limeingia dirishani likalala juu ya kitanda, na kitanda kilikuwa kimetandikwa kwa mikunjo mikali kama bahasha.

Alivuta shuka. Zipu ya godoro ilikuwa imefungwa mpaka mwisho, na utepe wa kuiziba ulikuwa mahali pake. Akageuza godoro, akapapasa pembe zote nne. Hakuna. Akavua foronya, akatazama mfuko wa mto ndani yake. Zipu imefungwa. Akanusa. Hakuna.

Alikuwa karibu kukaa chini alie. Lakini foronya ilikuwa bado mkononi mwake, na mkono wa fundi hauachi kupima hata mwenyewe akiwa na huzuni. Foronya ile ilikuwa na ulimi, kile kipande cha kukunjia ndani ili mto usichungulie nje. Ulimi ulikuwa mzito.

Aliupitisha katikati ya vidole viwili. Kwenye pembe, upande ambao sikio lake hulalia, palikuwa na kitu laini, bapa, kisichokuwa kitambaa. Akageuza ndani nje. Palikuwa na pindo la dukani, lililoshonwa kwa mashine. Juu ya pindo palikuwa na mshono mwingine, ambao jicho la mtu mwingine lisingeuona hata kwa tochi.

Mshono wa siri. Sindano iliyopinda huingia ndani ya mkunjo mmoja, ikatokea ndani ya mkunjo wa pili, na uzi ukivutwa, kitambaa hufumba kama mdomo. Ndio unaofungia kochi mwishoni, mahali mashine isipofika. Kila fundi ana wake. Wa huyu ulimalizikia kwa kurudi nyuma mara moja, kuelekea kushoto.

Duniani mtu aliyemalizia hivyo alikuwa mmoja.

Mkasi aliukata. Ndani kilitoka kifuko cha shashi, kimeshonwa vizuri kuliko nguo za harusi za watu wengi, na ndani ya shashi palikuwa na pamba ya kijivu, kuukuu, ile inayotolewa kwenye matumbo ya makochi yaliyokaliwa na vizazi. Hakuhitaji kuinusa. Alikwisha kupiga chafya.

Alikifunga ndani ya mfuko wa plastiki, akafunga fundo, akavuta inhela, akatoka.

*

Karakanani, mteja wa rangi alikuwa ameondoka na Seremala alikuwa ameegemea mlango, akisimulia ugomvi ulivyokwenda. Shangazi alikuwa kwenye meza ya kukatia, akichambua vifungo kwa vidole.

Mkasi aliweka mfuko mezani, chini ya taa.

"Shangazi, huu mshono ni wa nani?"

Shangazi alipapasa kifuko kupitia plastiki, akafuata ukingo kwa kidole gumba mpaka mwisho wake.

"Wangu," alisema. Kisha, kwa kuwa hakuweza kujizuia: "Mzuri, sivyo?"

Seremala alitazama mfuko, akamtazama Mkasi usoni. "Kuna mbao zangu zinanyeshewa," alisema, na jua likiwa kali vile, akaondoka.

"Umekitoa wapi?" Shangazi aliuliza.

"Chini ya sikio langu."

"Ungengoja. Nilitaka kukwambia ukishapona."

Hapakuwa na aibu katika sauti yake. Hilo ndilo lililomvunja Mkasi nguvu. Alikuwa amekuja na maneno makali aliyoyanoa njia nzima, akakuta hana wa kumkatia.

"Hii ni pamba ya makochi, Shangazi. Mimi naumwa kwa ajili ya hii."

"Ndiyo hiyohiyo! Kwani wale wanakudunga nini? Si vumbi? Daktari alisema mbele yangu: kidogo, halafu kidogo, mwili uzoee. Nikasema sawa, lakini wiki kwa wiki ni uvivu wa maofisini. Haba na haba hujaza kibaba, lakini haba yenyewe ije kila siku." Alihesabu kwenye vidole, kwa fahari kidogo. "Nilianza na mfuniko mmoja wa soda. Jumamosi ya pili nikatia miwili. Sikukurupuka. Na ule mfuko wa zipu niliujaribu kwa pua yangu, haupitishi kitu. Nikasema, sasa mtoto atazoea nini? Ndiyo nikaja kwenye foronya."

"Na sasa umefika wapi?"

"Kikombe kidogo."

Mkasi alikaa kwenye kigoda. Alifungua mdomo bila kujua kama kitatoka kilio au kicheko. Kilitoka kicheko, kikavunjika katikati.

"Wamekataa kunidunga. Mara mbili sasa. Leo Daktari amesema kifua kikiwa hivi atanisimamishia tiba kabisa. Nikisimamishwa, sibomoi tena. Ameniambia kwa mdomo wake."

Vidole vya Shangazi viliacha vifungo.

"Kukusimamishia?"

"Kwa sababu ya alfajiri."

"Mimi nilikusikia ukikohoa alfajiri." Shangazi alisema hivyo polepole, kama mtu anayeshuka ngazi bila kuiona. "Nilikuwa nalala macho nikikusikia. Nikasema, uchafu wa zamani unatoka. Ngozi nayo hulia ikivutwa."

Barabarani mtu alikuwa anasukuma mkokoteni wenye gurudumu moja linalolalamika.

"Ungeniuliza," Mkasi alisema.

"Ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo."

"Basi." Shangazi alijifuta uso kwa ncha ya kanga, upande mmoja kisha wa pili. "Miaka mitatu, mwanangu. Wewe uliisikia kama ni kitu cha kungojea. Mimi kufikia hapo nitakuwa nakuuliza, nani wewe, na umeshika nini mkononi. Nilitaka nikuone ukibomoa. Si kusikia. Kuona. Nikafanya haraka."

Mkasi hakumkumbatia. Hawakuwa watu wa kukumbatiana. Walikuwa watu wa kushikiliana ncha za kitambaa. Alisogeza kigoda karibu na meza, akaanza kuchambua vifungo upande wake, vyeusi na vyeusi, vya kahawia na vya kahawia.

"Jumatatu tutakwenda wote," alisema baadaye. "Utamwambia Daktari mwenyewe."

"Nimwambie nini? Kwamba nimekuwa daktari?"

"Mwambie kipimo. Atataka kukijua."

*

Shangazi alikieleza kipimo chote, kuanzia mfuniko hadi kikombe, akiwa amekaa wima na mkoba mapajani. Nesi alisikiliza mpaka kwenye mifuniko miwili, kisha akasema amesahau kitu chumba cha pili. Walimsikia akicheka nyuma ya ukuta.

Daktari hakucheka. Ila alibana midomo kwa muda.

"Mama, ulipima pamba," alisema. "Hukupima utitiri. Kwenye pamba ya kikombe kimoja wanaweza kuwa wachache au jeshi zima, wewe wala mimi hatujui. Sisi dawa yetu imesafishwa, kila tone najua lina nini. Inaingia chini ya ngozi, mara moja, akiwa macho, sisi tukimtazama. Ya kwako ilikuwa inaingia kifuani, usiku kucha, amelala, na anayemtazama hayupo."

"Nilikuwepo," akasema Shangazi. "Nilikuwa nasikia."

Daktari alimtazama, na alipojibu sauti yake ilikuwa tofauti kidogo. "Najua. Lakini hukujua unachosikia."

Shangazi aliinamisha kichwa. Kisha akakiinua.

"Kosa ni langu. Dunga mimi."

"Haifanyi kazi hivyo."

"Basi usimfukuze yeye."

"Simfukuzi. Nimefurahi, kwa kweli. Nilidhani mwili wake umeikataa dawa. Kumbe ulikuwa unapigana pande mbili." Alimgeukia Mkasi. "Tutangoja kifua kitulie. Kikitulia tutaanza tena, lakini si pale tulipoachia. Tutarudi nyuma hatua kadhaa."

"Nyuma mbali?"

"Karibu na mwanzo."

Shangazi alivuta pumzi kama aliyechomwa yeye. Mkasi alihisi wiki zote zile zikimteleza mkononi kama kitambaa cha hariri kinachoanguka mezani, na akaziacha zianguke.

"Na kubomoa?" aliuliza.

"Ukifika kwenye sindano za mwezi, kifua kikakaa kimya kwa muda wa kutosha, tutajaribu. Nje, penye hewa, na barakoa ya kweli, kwa muda mfupi. Nitakachosema ni tutajaribu. Zaidi ya hapo nitakuwa nakudanganya."

Wakatoka. Kwenye benchi la kungojea Shangazi alisimama, akabonyeza kiti kwa mazoea, kisha akaondoa mkono. Nesi ndiye aliyemfuata mlangoni.

"Mama, ulisema mkanda ni mmoja?"

"Mmoja. Panatakiwa mitano."

"Basi nitawaambia wakubwa."

"Waambie. Na waambie wasijaze pamba," Shangazi alisema, na huo ndio ulikuwa mzaha wake wa kwanza wiki ile.

*

Kilichofuata kilikuwa kirefu, na hakikuwa na cha kusimulia sana. Kifua kilitulia. Sindano zikaanza tena chini, zikapanda taratibu. Mashuka Mkasi alifua mwenyewe. Jumamosi ya kwanza Shangazi alikaa sebuleni akisikia maji yakimwagwa, mikono ikiwa imelala mapajani kama ya mgeni.

Karakanani walibuni utaratibu mpya. Shangazi alibomoa uani, upepo ukilipeleka vumbi mbali na mlango, na Mkasi akakaa ndani na karatasi. Shangazi alisoma kochi kwa vidole na kusema kwa sauti, mpaka mtaa mzima ukawa unajua habari za makochi ya watu.

"Mkanda wa tatu umekatika! Springi mbili za mbele zimelala!"

"Za kushoto au kulia?"

"Kushoto kwangu!"

"Wewe umekaa upande gani?"

"Upande wa haki!"

Seremala alisema wangeweza kuuza tiketi. Mkasi alichora alichoambiwa, na mara nyingi kilikuwa sahihi. Lakini alijua, na Shangazi alijua, kwamba hiyo ilikuwa kazi ya watu wawili kumfanya fundi mmoja, na mmoja wao mapazia yake yalikuwa yakiendelea kufungwa. Kufikia sindano za mwezi, Shangazi aliacha kuwasha taa ya meza. Alisema inamchosha. Kufikia mwaka uliofuata, alikuwa akimtambua Seremala kwa harufu ya mbao.

Siku Daktari aliposoma kipima pumzi na kusema "Tujaribu," Mkasi alikwenda moja kwa moja karakanani. Alipofika alichagua kiti cha mtu mmoja, kidogo, cha mzee wa mtaa wa pili. Akakitoa uani mwenyewe. Akavaa barakoa, akaibana puani. Akatia inhela mfuko wa kifuani ambako mkono ungeifikia bila kutafuta.

Shangazi aliletewa kiti, akakaa upande ambao upepo unatoka. Uso wake ulikuwa umeelekea kwa Mkasi, lakini macho yalipita juu kidogo ya bega lake.

"Unaniona?" Mkasi aliuliza.

"Naona kitu cheupe kinasogea."

"Ni barakoa."

"Basi nakuona."

Mkasi alipindua kiti, miguu ikaenda juu. Akaingiza koleo chini ya kichwa cha msumari, akauzungusha, akavuta. Ukatoka na mlio mfupi. Wa pili, wa tatu. Gunia likaachia upande mmoja, akalivuta taratibu kuelekea kwake, na vumbi likainuka kwenye jua, likazunguka, upepo ukalichukua kulipeleka ukutani.

"Ndani kuna nini?" akauliza Shangazi.

"Mikanda ya kulia imelegea yote. Springi ya kati imezama, imegeukia nyuma. Pamba imehamia upande mmoja."

"Kwa hiyo anakaaje?"

Mkasi alisogea, akatazama kwa ndani zaidi. "Amejipinda. Anaegemea mkono wa kiti, kama anayesikiliza mlango."

"Mke wake alifariki mwaka juzi," Shangazi alisema. "Endelea."

Mkasi aling'oa msumari mwingine. Kisha akakohoa.

Mara moja, kikohozi kikavu. Koleo likasimama. Upande wa pili wa ukuta randa ya Seremala nayo ilisimama, jambo lililoonyesha kwamba alikuwa akisikiliza muda wote. Shangazi alikuwa ameinua mkono mmoja, vidole vimetawanyika, kama mtu anayezuia gari.

Mkasi alivuta pumzi. Ikaingia. Akaishikilia, akaisikiliza ikizunguka chini kabisa, kisha akaitoa. Ilitoka bila mluzi.

Akangoja nyingine. Nayo ikatoka vilevile.

"Endelea," Shangazi alisema, akashusha mkono.